Mfumo ukilala siku mbili, ndo tumeibiwa data?

SWALI: Mwangaluka kaka. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kuna kampuni ya mikopo inanidai, sasa Alhamisi jioni aplikesheni yao ikagoma, Ijumaa hivyohivyo, ukienda ofisini unaambiwa mfumo uko chini mama njoo kesho, mpaka Jumamosi mchana ndo ikarudi. Kwenye grupu watu wanasema wamedukuliwa, wao wametuma meseji tu eti "tunaboresha huduma". Jioni yake kanipigia kijana anajiita wa makao makuu, kanitaja majina yangu yote matatu, anajua nimebakiza laki tatu na ishirini, anataka nimsomee namba zilizoingia kwenye simu. Nilikuwa napimia Mkongo gunia, nikamkatia. Je, data zetu zimeibiwa ndo maana mfumo ukalala?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Mwangaluka dada, na kumkatia ulifanya la maana kuliko yote.

Mfumo kulala peke yake haithibitishi kitu. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima karibu masaa 6, maneno yakawa mengi eti data zimeuzwa, kumbe mafundi wao wenyewe wako kwenye matengenezo wakatoa amri iliyokata njia za mtandao wao. Julai 19, 2024 kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zilianguka, ndege zikakwama viwanjani, chanzo apdeti mbovu ya CrowdStrike, na hao kazi yao ni kulinda kompyuta! Hata sisi Mei 2024 intaneti ilivyosumbua zilikuwa nyaya za chini ya bahari zimekatika.

Na wizi wenyewe mara nyingi hauzimi kitu. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu, mwaka 2017 wezi walikaa ndani tangu Mei hadi Julai, wakabeba taarifa za watu kama milioni 147, na kazi zinaendelea kama kawaida. Mwizi wa data hana sababu ya kukuamsha. Wizi na mfumo kulala vinakuja pamoja pale wezi wanapofunga kompyuta wadai hela, kama Colonial Pipeline Mei 2021, walibeba data kwanza ndo wakafunga, na bomba la mafuta kampuni yenyewe ikalizima kwa hofu.

Kwahiyo mimi hizo siku mbili sizishangai sana, ninachokishangaa ni huyo kijana. Jina lako si siri, mtu yeyote akijifanya anakutumia hela linamtokea kwenye simu, japo hayo matatu yote sijui. Lakini laki tatu na ishirini kaitoa wapi? Hiyo iko kwenye vitabu vya kampuni, basi kuna mahali imevuja, ila si lazima ivuje Alhamisi. Maafisa mikopo wanapiga picha orodha za wadaiwa wanazirusha kwenye magrupu yao, mfanyakazi akiachishwa anaondoka nazo, na matapeli wakisikia mfumo umelala wanajua wateja wana wasiwasi, ndo muda wao wa kupiga. Waulize wenzako wa grupu, kama wengi wamepigiwa na wametajiwa deni sahihi, huo ni ushahidi mzito kuliko mfumo kulala.

Angalia pia kama kampuni imewalazimisha wote mbadili namba ya siri baada ya mfumo kurudi. Aliyekuwa "anaboresha huduma" tu kwa kawaida hana haja hiyo. Na hiyo meseji yao, jamani, siku mbili za watu kushindwa kulipa ndo maneno mawili!

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023. Data zikivuja kampuni inatakiwa iijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wewe una haki ya kuwaandikia uulize taarifa zako wamempa nani, wakikupiga chenga unaipelekea Tume malalamiko. Andika barua, wakugongee mhuri kwenye nakala yako. Namba ya huyo kijana itume 15040, ndo ya kuripoti matapeli wa simu, alafu badili namba yako ya siri.

Kingine, mfumo ukirudi kwa bakap (nakala ya akiba) ya zamani malipo ya karibuni yanaweza yasionekane. Kama Alhamisi ulilipa rejesho usifute ile meseji ya muamala, nenda nayo ofisini wakufungulie akaunti uone imeingia, kabla hawajaanza kukuhesabia faini.