Karate na Karata: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri wa safu ya lugha, asalaam aleikum. Mjukuu wangu anajifunza karate, na kila arudipo mazoezini hunitajia maneno ya Kijapani. Juzi alitukuta barazani tukicheza karata, akadai kwamba karate na karata ni neno moja, kwa kuwa yote mawili ni michezo ya mkono. Wenzangu walicheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Je, dai hilo lina ukweli? (Mzee wa Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. Mjukuu ana sikio zuri, ila maneno hayo hayana nasaba moja. Karate ni neno la Kijapani lenye sehemu mbili: kara ni tupu, na te ni mkono, yaani mchezo wa mikono mitupu. Zamani hiyo kara iliandikwa kwa alama iliyosimamia China, kwa sababu mchezo wenyewe ulikulia katika visiwa vya Okinawa vilivyokuwa na uhusiano mkubwa na Wachina. Mwaka 1936 walimu waliokutana huko Okinawa walikubaliana kuandika alama ya utupu, ambayo husomwa vivyo hivyo. Kara hii ndiyo iliyomo katika karaoke, burudani ambayo wageni wa hapa Malindi huililia usiku kucha hotelini: oke ni kipande cha neno la Kizungu okestra, kwa hiyo karaoke ni okestra isiyo na wapigaji.

Karata ina asili nyingine. Tulilipata neno hilo kwa Wareno, ambao Vasco da Gama wao alitia nanga hapa Malindi mwaka 1498, na kwao kadi ya kuchezea ni carta. Wareno hao hao walifika Japani mwaka 1543 wakiwa na michezo yao, na Wajapani wakaliita jambo hilo karuta. Kwa hiyo ndugu wa karata huko Japani yuko, ila si karate. Hata majina ya karata mnazozitupa barazani yanashuhudia udugu huo: uru yetu, ambayo kwa Wareno ni dhahabu, Wajapani wa kale waliiita oru, na pau yetu waliiita hau. Leo karuta inayopendwa zaidi kwao ni ya mashairi 100, ambapo msomaji huanza kughani shairi na wachezaji hushindana kuinyakua kadi yenye mwisho wa shairi hilo kabla hajamaliza. Nadhani watu wa Lamu, kwa jinsi wanavyohifadhi mashairi, wangeuweza mchezo huo.

Mwambie pia mjukuu kwamba sensei, ambalo kwetu hutumika kwa mwalimu wa karate pekee, kwa Wajapani huitwa mwalimu wa shule, daktari na hata mwandishi. Neno likishahamia ugenini hubanwa, kama walivyolibana neno letu safari: huko Japani ni kwenda kutazama wanyama, ilhali kwetu anayetoka Lamu kwenda Mokowe kwa mashua naye yumo safarini.

SWALI: Mhariri, wavuvi wenzangu husema tsunami ni jina la kitaalamu la bamvua kubwa. Ni kweli? (Mvuvi, Malindi)

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, ingawa naelewa dhana hiyo ilikotoka. Mawimbi yaliyofika pwani yetu tarehe 26 Desemba 2004, baada ya tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, yalikuja siku ya mwezi mpevu, yaani siku za bamvua hasa. Lakini bamvua huletwa na mwezi na jua, na mvuvi huihesabu mapema. Tsunami huletwa na kutikisika kwa sakafu ya bahari, wala haina kalenda. Kwa Kijapani tsu ni bandari na nami ni wimbi. Husimuliwa kwamba wavuvi waliokuwa kina kirefu hawakuhisi chochote, kwani huko wimbi hilo huinuka kidogo tu, wakarudi na kukuta bandari yao imesombwa.

Kuhusu matamshi, wengi wetu husema sunami. Wasomaji wetu Wagiriama, ambao kwao tano ni tsano, hawana taabu yoyote na mwanzo wa neno hilo.