Maswali ya Wasomaji: Dawa Zisikatike, Mgonjwa Asipotee

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jinsi huduma ya afya ya akili inayolipiwa na serikali inavyoweza kufika kijijini na kudumu. Tumechagua tano.

Nimo katika kamati inayopanga bajeti ya afya ya halmashauri. Tumepata fungu dogo la afya ya akili. Wajumbe wengi wanataka tujenge wodi, wengine wanataka semina. Tuanze na lipi?
*Mjumbe wa kamati*

Ndugu mjumbe, anzeni na dawa, kisha usafiri wa msimamizi, yaani muuguzi wa afya ya akili anayezungukia zahanati. Wodi ije mwisho kabisa.

Fuateni safari ya mgonjwa mmoja. Anapelekwa hospitali ya mbali akiwa amechafukwa akili, anatulia baada ya wiki chache, anaruhusiwa akiwa na dawa za wiki mbili. Zikiisha, zahanati ya kwao haina. Miezi michache baadaye yuko kitandani kulekule, na ndugu zake wameuza kitu kingine kulipia nauli. Wodi itajaa kila siku na hakuna atakayekuwa amepona. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kuwa serikali kwa kawaida hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na katika nchi nyingi sehemu kubwa ya fedha hizo humezwa na hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Msirudie kosa hilo kwa udogo.

Dawa ziwe na kifungu chake. Zikichanganywa na dawa nyingine, ndizo za kwanza kukatwa fedha zikipungua, kwa sababu mgonjwa wa akili hana wa kumpigia kelele ofisini. Orodha ya kuanzia ni fupi: haloperidoli ya vidonge kwa saikosisi (ugonjwa wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), sindano moja ya muda mrefu ya ugonjwa huohuo, fluoksetini ya sonona (huzuni nzito isiyoisha), biperideni ya kutibu madhara ya haloperidoli, na dawa za kifafa, kwa kuwa kifafa nacho huangukia mezani pa huduma hii. Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, iacheni kama hakuna maabara ya kupima kiwango chake kwenye damu.

Kiasi cha kuagiza kipigieni hesabu kwa idadi ya wagonjwa. Wagonjwa 25 wanaomeza fluoksetini kidonge kimoja kwa siku wanahitaji 750 kwa mwezi, yaani 2,250 kwa robo mwaka. Ongezeni akiba ya mwezi mmoja, 750, jumla 3,000, kisha toeni vilivyobaki stoo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuagiza kwa kuangalia matumizi ya robo iliyopita. Kama dawa zilikosekana stoo kwa wiki sita, matumizi yataonekana madogo, oda itakuwa ndogo, na dawa zitaisha mapema zaidi safari ijayo. Kwenye karatasi itasomeka kwamba wagonjwa wamepungua, kumbe wamekata tamaa.

Kuhusu semina: tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mhGAP, wa kuziba pengo la huduma ya afya ya akili, na mwaka 2010 likatoa mwongozo wake unaomwezesha muuguzi au tabibu asiye bingwa kutambua na kutibu magonjwa makuu ya akili. Mwongozo ni mzuri. Lakini aliyefundishwa siku tano kisha akaachwa peke yake huandika dawa kwa miezi miwili mitatu, akipata mgonjwa mmoja mgumu anaogopa na kurudi kwenye rufaa kwa kila mtu. Kwa hiyo lipieni mafuta ya muuguzi wa afya ya akili kuzungukia kila zahanati mara moja kwa mwezi. Akifika asikague makaratasi tu. Akae chumbani mhudumu akimwona mgonjwa, wazungumzie wagonjwa wawili au watatu wagumu, waangalie stoo pamoja.

Wagonjwa wangu wa sonona wengi huacha fluoksetini ndani ya wiki mbili wakisema haifanyi kazi. Nifanye nini?
*Muuguzi wa zahanati*

Dada muuguzi, wanasema kweli: ndani ya wiki mbili nafuu bado ni ndogo au haipo. Madhara hutangulia. Kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi kukatika huja siku za mwanzo. Nafuu ya kueleweka huja kati ya wiki ya nne na ya sita. Asipoelezwa hivyo siku ya kwanza, ataona amepewa ugonjwa mwingine juu ya wake.

Mwanzishie miligramu 10 kila asubuhi kwa wiki moja, kisha 20. Asubuhi, kwa sababu ikimezwa usiku humnyima wengi usingizi. Mwite baada ya wiki moja au mbili, hata kama ni kwa dakika tano, maana hapo ndipo wengi huacha. Akipona, aendelee miezi 9 hadi 12 ndipo mpunguze polepole. Kabla ya yote, muulize yeye na ndugu zake kama aliwahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopitiliza, kutolala bila kuchoka na kutapanya mali. Kama ndiyo, usimpe dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha kwenye wazimu wa juu. Mpigie msimamizi.

Daftari lako la rejesta pengine linaishia kwenye jina, umri na ugonjwa. Chora safu nne zaidi: dawa na dozi, simu ya mtu wa karibu aliyemchagua mwenyewe, tarehe ya kurudi, na «amekuja / hajaja». Kila Ijumaa pitisha kidole kwenye safu ya mwisho. Ambaye hajaja apigiwe simu, asipopatikana mhudumu wa kijiji amfuate ndani ya siku saba. Anayefika mlangoni aseme tu ametumwa na zahanati. Jina la ugonjwa lisitajwe mbele ya majirani.

Kaka yetu anasikia sauti na amekuwa akitushambulia. Tumemfunga mnyororo kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Tunaona aibu kumpeleka zahanati. Mtusaidie.
*Ndugu watatu*

Poleni sana, ndugu zetu. Mmoja wenu aende zahanati leo, peke yake, akamweleze mhudumu hali ilivyo na amwombe aje nyumbani. Hakuna haja ya kumpitisha mgonjwa njiani akiwa amefungwa.

Mhudumu akifika, aanze na mwili. Homa, sukari kushuka, jeraha la kichwa au kuacha pombe ghafla vinaweza kumchanganya mtu ndani ya siku chache, na hapo dawa ya saikosisi haitibu chanzo. Aangalie pia vidonda vya mnyororo: vioshwe, na chanjo ya pepopunda isisahauliwe. Kama ni saikosisi, haloperidoli huanzwa kidogo, miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Fujo hupungua ndani ya siku chache. Sauti na mawazo ya ajabu huchukua wiki kadhaa. Mkiona shingo imepinda, macho yamekwama juu au ulimi umekakamaa, hayo ni madhara ya dawa, wala si pepo. Mrudisheni zahanati saa hiyohiyo apewe biperideni, na dozi iangaliwe upya. Familia nyingi huogopa hapo na kutupa dawa, kwa sababu hakuna aliyewaonya.

Mnyororo utolewe mpango ukiwepo, na mpango huo uwe wa siku, si wa miezi: nani atakaa naye mchana, nani usiku, vyombo vyenye ncha viko wapi, mtampigia nani akichafukwa. Mtu mmoja awe mwenye dawa na amwone akimeza. Kama vidonge vinamshinda, ulizeni sindano ya muda mrefu, inayochomwa kila wiki mbili hadi nne. Kama mmemwita kiongozi wa dini au mganga, endeleeni naye mkipenda, kwa masharti mawili: asimzuie kula, kunywa wala kumeza dawa, na asimpige. Hata akipona kabisa, dawa ziendelee angalau miezi 12.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Naogopa kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua, nisije nikampandikizia wazo. Na je, sisi tusio na taaluma tunaweza kutoa ushauri wa maana?
*Mhudumu wa kijiji*

Muulize waziwazi. Kuuliza hakupandi wazo. Wengi hupata ahueni kwamba mtu amethubutu. Sema hivi: «Mambo yakikuzidi, huwa unafikiria kuukatisha uhai wako?» Akikubali, muulize kama ana mpango na kama kile anachokifikiria kiko karibu. Mwenye mpango asiachwe peke yake, na apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Ukitumia dodoso la maswali 9 la sonona, kila swali hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 kwenda juu inahitaji kuchunguzwa. Lakini swali la tisa, la kujidhuru, lisimame peke yake: hata alama 1 hapo ifuatiliwe, jumla iwe ndogo kiasi gani.

Vijijini sumu ya wadudu ndiyo hatari kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuifikia katika dakika ya hasira ambayo ingepita. Iombe familia iitoe nyumbani kabisa au iifungie mbali, funguo zikae kwa mtu mwingine. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali moja baada ya nyingine, vifo vya kujiua vilishuka sana. Hilo halmashauri na serikali zinaweza kulisukuma bila kuajiri daktari hata mmoja.

Na ndiyo, mnaweza. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina mama watu wazima wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila kazi hii iwe na msimamizi na posho. Mkijitolea bure mtaacha mmoja mmoja, na mgonjwa aliyemzoea mtu mmoja huenda asianze upya na mwingine.

Je, daktari bingwa kwa njia ya simu anatosha?
*Msomaji*

Kwa mhudumu anayetaka ushauri juu ya mgonjwa mgumu, anafaa sana: wekeni siku na saa maalumu kila wiki, mhudumu awe na dozi na tarehe mkononi kabla ya kupiga. Kwa mgonjwa mwenyewe, tumieni tu pale zahanati inapokuwa na chumba chenye mlango unaofungwa. Bingwa akiandika dawa ambayo stoo haina, simu hiyo haijasaidia kitu, kwa hiyo apewe kwanza orodha ya dawa zilizopo, na ipya kila mzigo unapoingia.