Maswali ya Wachezaji: Risasi Zikilia Unakimbilia Wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja, nichague karakta gani kwenye gemu za risasi za timu. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa, nimeacha mji tu.

Kaka habari. Mi niko Mbeya, nina kompyuta ya zamani ya bro na gemu inayokubali humo bila kuganda ni Team Fortress 2. Kila siku nacheza Spy kwa sababu niliona video jamaa anawachoma visu watu mgongoni mmoja baada ya mwingine, nikasema hii ndo yangu. Sasa mwezi wa tatu huu bado nakufa tu, namaliza gemu nikiwa wa mwisho na wenzangu wananiambia natia hasara timu. Shida ni mimi au ni karakta?

Mdogo wangu, pole, na wewe huna shida yoyote. Ulichofanya ni kuchagua kwa kuangalia video ya mtu ambaye ameshacheza miaka, na Spy ndo karakta anayedanganya macho kuliko wote kwenye ile gemu. Unaona kisu kimoja mtu kaanguka, huoni kwamba yule jamaa kabla ya kuchoma alishajua Heavy, lile jitu kubwa, atasimama wapi, Medic wa kutibu atakuwa nyuma ya nani, Engineer yule fundi atageuka saa ngapi kuigonga mashine yake. Yani ili ucheze Spy lazima uzijue tabia za wale karakta nane wengine kwanza, maana kazi yake ni kujifanya mmoja wao mbele ya macho ya watu wanaowajua vizuri. Halafu ana uhai 125 tu, akipita Pyro akakumwagia moto kidogo kujificha kote kumekwisha, unaonekana unawaka.

Sasa nisikilize vizuri hapa na wengine wote wasikilize maana majibu mengine ya leo yanategemea hili. Ukiingia gemu kesho, usiwaze kushinda. Ngoja risasi za kwanza zilie halafu angalia mikono yako imefanya nini kabla kichwa hakijaamua. Kuna mtu akisikia risasi anaenda kulekule zinakolia, hajui hata kwa nini, ashafika. Kuna mwingine kitu cha kwanza anageuza kamera kuangalia wenzake wako wapi. Kuna anayerudi nyuma kidogo atafute kona, angoje waje wenyewe. Na kuna wachache ambao wanaacha kelele zote wanazunguka kwa mbali. Hiyo sekunde mbili ya kwanza ndo wewe. Ni kama mpira wa mtaani tu, hakuna aliyekufundisha kuwa beki, kocha aliona kila mpira ukipotea wewe unakimbia kurudi golini.

Kama unakimbilia risasi, chukua Soldier. Ana uhai 200, na roketi yake ikipasuka karibu na mtu bado inamuumiza, kwaiyo hata ukikosa kidogo kuna kitu umepata, na utaishi muda wa kutosha kujifunza ramani. Kama unatafuta wenzako, chukua Medic bila aibu. Watu wanamwona kama wa kutibu tu lakini yeye ndo anaamua timu iende saa ngapi, kwanza anaweza kumpandisha Heavy uhai kutoka 300 mpaka 450, halafu chaji yake ikijaa anatoa sekunde 8 ambazo yeye na anayemtibu risasi haziwaumizi. Sekunde 8 ni nyingi sana, watu wanavunja ngome nzima. Na Medic anakaa nyuma ya wenzake anaona kila kitu, wiki tatu za Medic zitakufundisha gemu kuliko miezi sita ya kingine chochote.

Baada ya hapo rudi kwa Spy ukitaka. Sikukatazi, nataka ukirudi uwe unawajua unaowaendea.

Assalam aleikum. Mimi ni msichana wa Mombasa, nacheza Valorant na kaka zangu wawili na marafiki zao, tunakuwa watano. Kila mara nikiingia wanasema wewe chukua Sage utibu, hata sijaulizwa. Wallahi nimechoka. Nikisema nataka mwingine wanasema timu itakosa wa kutibu. Mimi napenda kujua adui anapita wapi, nafurahi sana nikimnasa mtu kabla hajafika. Nifanyeje bila kugombana nyumbani?

Waaleikum salaam dada. Barua yako imeniuma kwa sababu nimeiona mara nyingi sana hii, msichana akiingia tu anapewa kutibu kama vile ni zamu ya jikoni. Si haki, na kimchezo pia ni makosa.

Kwanza hoja ya kaka zako haisimami. Valorant si gemu ya kutibiana. Raundi moja ni fupi, risasi moja ya kichwa kutoka kwa bunduki kama Vandal inamaliza mtu, hakuna cha kutibu hapo. Sage mwenyewe kutibu ni sehemu tu ya kazi yake, akishatibu lazima angoje muda mpaka aweze tena, kinachomfanya awe na thamani ni ule ukuta wake na barafu ya kuwapunguza watu mwendo. Timu nyingi nzuri zinacheza bila Sage kabisa na zinashinda. Kwaiyo ukisikia tena kwamba timu itakosa daktari, waambie timu inaweza kukosa daktari, lakini ikikosa wa kuweka moshi wa kuwaziba adui macho mtaona tofauti mara moja.

Pili, umeshajijibu mwenyewe kwenye barua. Mtu anayefurahi kumnasa adui kabla hajafika, huyo ni Cypher mtupu. Cypher, yule jamaa wa Morocco mwenye kofia, kazi yake ni hiyo, anatega nyaya mlangoni, anabandika kamera ukutani, halafu anakaa mahali pengine kabisa akiwaambia wenzake wamepita wangapi na wapi. Ukipata mtu kwenye waya wako unajua alipo, wakati yeye hajui ulipo. Nadhani utampenda. Wa pili wa kumjaribu ni Killjoy wa Ujerumani, yeye anatumia mashine, ana kamzinga kadogo kanakopiga kenyewe, ni mwepesi zaidi kwa anayeanza kwa sababu mashine zinafanya kazi hata ukiwa unaangalia kwingine. Cypher anataka ukumbuke ulitega wapi na ubadilishe kila raundi maana watu wakishajua waya ulipo wanauvunja.

Kumbuka tu mwanzoni unapewa karakta watano, Brimstone, Jett, Phoenix, Sage na Sova, wengine unawafungua ukiendelea kucheza. Kwaiyo wakati unamngojea Cypher jaribu Sova, anarusha mshale unaoonyesha walipojificha, ladha yake inakaribiana na unachotaka.

Kuhusu nyumbani, usibishane kwenye gemu yenyewe ikiwa imeshaanza, hapo kila mtu ana presha. Ongea nao pembeni, chai iko mezani, waambie kaka zangu nataka mechi tatu tu na Cypher halafu tuangalie. Na kwenye hizo tatu, sema. Wengi wanatega waya wananyamaza, waya ukilia kimya, sasa faida iko wapi. Tamka tu, wawili wanakuja kwa huku. Kaka zako wakishapata taarifa hiyo mara mbili tatu hawatataka tena utibu, watakuambia wenyewe kaa na Cypher wako.

Bro mi ni mwanafunzi Dodoma, nacheza Call of Duty ya simu. Nimebana hela ya matumizi nikanunua karakta mpya anaonekana mkali sana lakini naona bado nauliwa vilevile. Ni karakta gani ana nguvu zaidi ninunue?

Usinunue tena mdogo wangu, tafadhali. Kwenye Call of Duty ya simu ukiwa mechi za timu karakta ni nguo tu. Uhai uleule, mbio zilezile, yule wa bure na yule wa pesa risasi zinawaingia sawa. Kinachobadilisha uchezaji wako ni bunduki na vifaa ulivyoifunga, pamoja na ile silaha maalum unayoichagua kabla ya mechi, hizo ndo ushughulike nazo na nyingi unazipata kwa kucheza.

Umechanganya pengine na Free Fire, maana huko kweli karibu kila karakta ana uwezo wake, unaweka uwezo mmoja wa kubonyeza na mwingine wa aina tatu unaofanya kazi wenyewe. Huko kuchagua kuna maana. Ila hela ya chakula haigusi gemu, kula kwanza.

Ndugu mwandishi, mimi mtu wa Unguja lakini niko Muscat kikazi miaka mingi. Nina umri wa miaka 47. Kijana wangu wa miaka 14 yuko Zanzibar na mama yake, na njia yetu ya kuwa pamoja jioni ni Overwatch. Tatizo mikono yangu mizito, kulenga siwezi, na naona namrudisha nyuma mtoto. Hasemi lakini naona. Yuko mhusika wa mtu kama mimi?

Yuko baba yangu, tena si mmoja, na nashukuru umeandika maana barua hii nimeisoma mara kadhaa.

Uzuri wa Overwatch tangu ilipotoka mwaka 2016 ni kwamba imetengenezwa makusudi iwe na watu wasiohitaji kulenga. Nianze na yule ninayemwona anakufaa zaidi, Mercy. Mercy ana fimbo yenye mwale, ukishamshika mwenzako mwale unamfuata wenyewe, hulengi kitu, unamtibu, na ukibonyeza upande wa pili mwale unageuka wa bluu, unaongeza nguvu ya risasi zake. Halafu ana mabawa, mwenzako akiwa juu ya paa unabonyeza unaruka mpaka alipo. Sasa fikiria, kijana wako anacheza mshambuliaji, tuseme Pharah anayeruka na roketi, na wewe umeshikana naye kwa mwale huo jioni nzima, anapoenda upo. Kila adui anayemwangusha mwale ukiwa wa bluu nguvu yako imo, na mchezo unakuhesabia. Hapo humrudishi nyuma, unamfanya awe mkubwa.

Kinachotakiwa kwa Mercy ni macho na subira, na hivyo mtu wa miaka 47 anavyo kuliko mtoto wa 14. Angalia nani anaumia. Kaa nyuma ya ukuta, mwale utoe kwa kona. Usikimbilie kumfufua mtu katikati ya risasi, hilo ndo kosa la kila anayeanza, anakufa anaacha maiti mbili.

Siku ukitaka kupiga na wewe, mchukue Moira. Mkono mmoja unamwaga dawa mbele kama unamwagilia bustani, mkono wa pili unanyonya uhai wa adui na unajishika wenyewe ukilenga karibu tu. Jambo ambalo wengi hawalijui mapema, dawa yake inaisha, na unaijaza haraka kwa kumnyonya adui, kwaiyo ukikaa unatibu tu utaishiwa. Kidogo hapa, kidogo pale.

Yupo pia Winston, sokwe yule, silaha yake ni umeme unaompata yeyote aliye mbele yake kwa karibu, kulenga hakuna. Lakini Winston ni wa kubeba ngao na tangu 2022 gemu ilipokuwa ya watano kwa watano mbeba ngao kwa kawaida ni mmoja tu kwa timu, lawama zote zinamwangukia. Mwache kwanza mpaka uzizoee ramani.

Na muulize kijana mwenyewe akufundishe. Mwambie mwanangu nionyeshe nisimame wapi.

Niko Kigoma, natumia bando la simu kuunganisha kompyuta na mtandao. Seva, zile kompyuta zinazoendesha gemu, ziko mbali sana, nikipiga mtu nakuta mimi ndo nimekufa sekunde iliyopita. Kuna karakta wa mtu mwenye mtandao mbovu au niache tu?

Usiache. Ila acha kabisa kucheza namba za mtu anayechungulia kona na kufyatua wa kwanza, achana na snaipa, achana na Jett wa Valorant, hapo unashindana na mtu ambaye yuko mbele yako kwa muda na hutamfikia hata uwe hodari vipi.

Chukua karakta ambaye kazi yake inaanza kabla ya risasi. Team Fortress 2 cheza Engineer, kwa sababu mzinga wake ukishaujenga unaendeshwa na seva yenyewe, haungoji mtandao wako, adui akitokea mzinga unampiga hata kama kwako picha imeganda. Jenga mahali ambapo adui anakuja kuuona akiwa ameshakaribia, siyo uwanjani wazi. Kwenye Valorant mchukue Brimstone, anafungua ramani mkononi, anagusa sehemu tatu, anabonyeza mara moja moshi tatu zinashuka zinakaa karibu sekunde 20. Hakuna anayekushinda kwa wepesi hapo, ramani ni ileile kwa mwenye mtandao mzuri na mbaya. Fanya zoezi la kujua moshi uende wapi kwa kila uwanja, hata bila kuingia mechi.

Na kwenye mapangilio chagua seva yenye namba ndogo kuliko zote ya ping, yani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, usiamini iliyochaguliwa yenyewe, halafu zima simu nyingine zote zinazokula bando hilohilo. Jaribu pia alfajiri, kisha niandikie namba ilishuka mpaka ngapi.