Usiwakusanye ukumbini kabla hujapata kisa cha mgonjwa kinachowahitaji wote

Mkuu, simamisha kwanza hiyo ratiba. Umeandika kwamba chuoni kwenu Iringa mnataka kuwaunganisha wanafunzi wa utabibu, uuguzi, famasi na maabara, kwamba mtaanza na mihadhara ya pamoja ukumbini kila Ijumaa mchana, kisha ukauliza kuhusu vipindi, alama na namna ya kuushawishi uongozi. Nilipofika kwenye neno "ukumbini" nilishindwa kuendelea na shughuli zangu, kwa kuwa humo humo ndimo tulimopotelea sisi huku Mbeya.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kwamba elimu ya namna hii hupatikana pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Ukumbi hukupa hilo la tatu tu, tena kwa shida, maana wanafunzi wetu walijipanga kwa rangi za sare zao, na muhula ukaisha wale wa famasi hawajazungumza na wale wa uuguzi jambo lolote zaidi ya kuazimana chaja za simu.

Lakini hasara ya ukumbi ilikuwa ndogo. Iliyotugharimu ilikuja baadaye, tulipodhani tumeerevuka, tukawagawa katika vikundi vidogo vyenye watu wa kila fani na kuwapa kisa cha mgonjwa kilichoandikwa na daktari peke yake, nami nikakipitisha bila kukihoji. Kisa kile kilikuwa kitamu kwelikweli, ila kilianzia kwenye dalili na kukomea kwenye utambuzi wa ugonjwa. Wanafunzi wa utabibu wakakitafuna chote, wa uuguzi wakapewa kazi ya kuandika muhtasari, na wa famasi wakaambiwa wasubiri, watahesabu vidonge mwishoni. Kijana wa maabara alilala, na simlaumu. Tulitaka kuwafundisha kuheshimiana, badala yake tukawathibitishia, kwa muhuri wa chuo, kwamba mwenye akili ni mmoja na waliobaki ni wasaidizi wake. Walipokwenda wodini, wauguzi wetu wanafunzi walisimama nyuma kabisa wakati wa raundi na hawakufungua mdomo, hata pale ambapo wao ndio waliokesha na mgonjwa. Bora tusingefanya lolote.

Aliyetuingiza humo ni mwezeshaji mmoja aliyekuja na slaidi za kupendeza, akatuapia kwamba ukishawaweka chumba kimoja, ushirikiano utakuja wenyewe. Kama ingekuwa hivyo, abiria wa daladala za Mwanjelwa wangekuwa wameshaunda SACCOS. Alichukua posho yake akaondoka, na kwa maswali aliyokuwa akiyakwepa nina shaka kama aliwahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa na watu wa fani nyingine. Sehemu nzuri ya bajeti ilikwenda kwenye soda na fulana zenye maandishi ya umoja. Yangu bado ninayo, inafaa sana kwa kulimia viazi.

Sasa sikiliza. Kisa kiwe kile ambacho fani moja ikikosekana, mgonjwa anaharibikiwa. Huku kwetu huhitaji kukitafuta mbali, kwani Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Mchukue mama wa Makete, anayeishi na VVU na anayekohoa kwa wiki kadhaa. Jibu la kwanza la maabara linasema hana kifua kikuu, na ni mwanafunzi wa maabara anayegundua kwamba kilichopimwa kilikuwa mate, si makohozi. Sampuli nzuri inapopatikana, kifua kikuu kinaonekana, na wa utabibu anaanzisha matibabu yenye rifampisini. Hapo wa famasi anamzuia asimalize kuandika, kwa sababu rifampisini hulifanya ini liivunjevunje upesi dolutegraviri, dawa yake ya VVU, hivyo mama atahitaji kidonge cha ziada cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Wote wanaridhika, mpaka wa uuguzi anaposema kwamba kidonge hicho cha jioni hakitamezwa. Mama humeza dawa alfajiri jikoni, anapowasha moto peke yake, lakini jioni nyumba imejaa watu na mama mkwe hajui lolote. Mjadala wa kweli unaanzia hapo, na hakuna anayeweza kuumaliza peke yake.

Wenzetu wa Linköping, Uswidi, walikwenda mbali zaidi, wakaanzisha wodi ya mafunzo mwaka 1996, ambako wanafunzi wa fani mbalimbali huwahudumia kwa pamoja wagonjwa halisi chini ya usimamizi. Hawakuwategemea wajifunze kwa kukaa kwenye viti vya ukumbi.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa hiyo, tafuta mkufunzi mmoja wa kila fani, waketi na faili moja, kila mmoja aeleze ni wapi mgonjwa huyo angeharibikiwa bila yeye. Asiye na la kusema, kisa hicho kitupeni mwanzishe kingine, hata kama aliyekiandika ni mkuu wa chuo. Mkikipata, kiweke hapa jukwaani tukikague kabla wanafunzi hawajakiona.