Viatu vyangu havina breki

Mhariri, mmeuliza wiki hii: kitu gani mtu alikiacha miaka mingi akakirudia ukubwani, na kilimpokeaje? Changu mie ni viatu vya matairi. Vilinipokea kwa kunibwaga chini mbele ya wazee wa bao.

Sisemi vile vya watoto vyenye taa za kumeremeta, unavyoviona Forodhani jioni. Nasema vya mbio: buti fupi linaloishia chini ya kifundo cha mguu, gumu kama gamba la kasa, na chini yake fremu ya alumini yenye matairi yaliyofuatana mstari mmoja. Jina lake la Kiingereza, skates, likitiwa Kiswahili lina mtihani wake. Siku niliyomwambia mke wangu kwamba nimeagiza sketi Maskati, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Za nani?" Tokea hapo nasema viatu vya matairi, na kwenda navyo nakuita kuserereka, yakaisha.

Nilijifunzia Dubai. Nilikwenda huko 2002, nina miaka 22, nikapata kazi ya bohari, na chumba tulichopanga kilikuwa ukuta kwa ukuta na Wafilipino. Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko, lakini jirani zetu wale hawakuwa wakilala. Alfajiri wanatoka na mabegi mgongoni kwenda kuserereka kando ya bahari, jua likianza kuuma wanarudi, wamelowa jasho na wanacheka. Baada ya miezi mitatu ya kuwatazama nikanunua viatu vilivyokwishavaliwa na mmoja wao, vya matairi matano ya milimita 80, na mpaka narudi nyumbani 2011 sikukosa Ijumaa ila kwa homa. Tunamaliza, naoga, nakwenda msikitini miguu bado inatetemeka.

Mkubwa wa kundi tulimwita Kuya, yaani kaka kwa lugha yao. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba huku hakusukumwi nyuma kama mtu anavyokimbia, husukumwa kwa ubavu. Unakunja magoti mpaka mapaja yanawaka moto, mgongo unaulaza, mguu mmoja unabeba mwili mzima na mwengine unasukuma nje mpaka unyooke. Baadaye akatutia kwenye msukumo wa mara mbili, ule aliouvumisha Mmarekani wa Texas, Chad Hedrick, katika miaka ya 1990. Mguu unautua kwa ukingo wa nje wa matairi, unauvuta ndani chini ya mwili, halafu ndiyo unausukuma nje; hatua moja, nguvu mara mbili. Hedrick alihamia kwenye barafu, na mwaka 2006 alipochukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 kule Turin, Kuya alitununulia biriani sote kama kwamba aliyeshinda ni mtoto wa dada yake.

Nilipohamia tena Unguja viatu vikapanda darini. Nilioa, nikafungua duka la vifaa vya umeme, watoto wakaja. Na sitaki kusingizia majukumu peke yake: barabara ya kwetu ilikuwa kifusi na mashimo, mwenye akili hapiti na tairi la milimita 80. Ilipotandikwa lami mpya mwaka juzi, nyeusi, laini, inanukia, nilisimama ukingoni na mkate wangu mkononi nikahisi nyayo zinaniwasha.

Nikateremsha vile vya zamani. Masikini. Joto na unyevu wa kwetu hula plastiki ya aina ile. Matairi yalimeguka vidoleni kama kashata iliyokaa sana. Kila tairi lina beringi mbili, matairi kumi ni beringi 20, na hakukuwa na hata moja iliyokubali kuzunguka. Hewa ya chumvi ilikuwa imemaliza kazi yake kimyakimya kwa miaka yote ile. Fremu tu ndizo zilizosalimika, zimefanya unga mweupe kidogo, basi.

Mpwa wangu wa Maskati ndiye aliyeniletea vipya. Siku hizi mtindo si matairi matano tena. Hivi vina matatu tu kila mguu, lakini kila moja milimita 125, karibu sawa na sahani ya kikombe. Nilitaka nizifunge fremu zangu za zamani kwenye buti jipya, kwa mapenzi tu, si kwa hesabu. Hazikuingia. Matundu ya bolti kwenye buti la zamani yalikuwa na umbali wa milimita 165 baina yao, na haya mapya ni 195. Nilikaa na alenki mkononi nikiyatazama yale matundu yaliyopishana kwa sentimita tatu, na nikajua kwamba ujana wangu haufungiki kwenye kiatu kipya.

Sasa kuna jambo moja la buti hizi ambalo lazima niwasimulie. Gamba lake ni la kaboni na faiba, na ili likae vizuri mguuni huwa linapashwa moto likalainika, ukalivaa likiwa bado joto, likaganda kwa umbo la mguu wako. Kijitabu kilisema nyuzi 80 kwa dakika 20. Nyumbani kwetu tuna jiko la gesi la plati mbili. Mwenye oveni ni jirani yangu anayepika keki za harusi. Nikabisha hodi.

"Jirani, nina ombi."

"Sema, jirani."

"Nataka kuoka viatu."

Aliufuta unga mikononi taratibu, kidole baada ya kidole. "Vimeshavaliwa?"

"Vipya kabisa."

"Basi lete. Lakini vinaingia baada ya keki, si kabla."

Nikazifungua fremu, buti zikaingia peke yake juu ya karatasi ya kuokea. Yeye ndiye aliyekuwa akichungulia kiooni kila dakika mbili, mie naogopa kutazama. Zilipotoka zilikuwa zinanukia gundi. Nikavaa na soksi nyembamba, nikakaza kamba, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nimekunja magoti, na palipobana kwenye mfupa wa kifundo akanipa mpini wa mwiko nisukumie kwa ndani. Wanawe walikuja kusimama mlangoni. Mmoja alimuuliza mama yake kama na vile vitapakwa krimu.

Mimi, Mhariri, nilidhani kazi ngumu imekwisha pale. Siku mbili za mwanzo nilizunguka kwenye uwanja wa saruji ulio karibu na kwetu, na miguu ilikumbuka kila kitu. Sikuamini. Miaka 13, na bado mguu wa kulia ulijua wapi utue. Vifundo viliuma, maana buti fupi halikushikilii, unajishikilia mwenyewe, na matairi makubwa yanakuinua zaidi ya sentimita mbili kuliko nilivyozoea. Lakini mwendo ulikuwapo. Siku ya tatu nikajiona mwamba, nikaingia barabarani.

Pana kiteremko pale kwetu, kidogo sana. Kwa miguu hukioni. Kwa milimita 125 ni mlima. Nimekaa chini, mgongo nimeulaza, upepo unapiga masikioni, nasikia ule mvumo wa matairi kwenye lami mpya kama mtu anachana kitambaa kirefu, na moyoni namwambia Kuya, unaona? Gari la ng'ombe likatoka uchochoroni na mchanga wake wa kujengea.

Hapo ndipo nilipogundua nini nilichosahau. Viatu vya kawaida vina kipande cha mpira kisiginoni cha kufungia breki. Vya mbio havina, kwa sababu kwenye kona mguu mmoja unapita juu ya mwengine, na ule mpira ungekukwaza. Kusimama ni kazi ya miguu yako. Mguu wa nyuma unauweka mkingamo na kuuburura, uzito wa mwili ukibaki mbele. Mimi kwa hofu nikautupia uzito wote mguu wa nyuma. Nikazunguka kama pia mara moja na nusu, nikatoka kwenye lami, nikaketi kwenye mchanga mbele ya baraza ambapo wazee wanne walikuwa wanacheza bao. Mwenye gari alisimamisha akauliza kama ni mzima. Ng'ombe hakugeuka hata.

Mzee mmoja aliinama akatazama miguu yangu, kete bado mkononi.

"Kijana, hivyo havina breki?"

"Havina, mzee."

"Na ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Haya," akasema, na akarudi kwenye bao lake.

Kuitwa kijana na miaka 44 kuliniliwaza kidogo. Ngozi ya kiganja na ya kiwiko ilichukua wiki mbili kurudi. Helmeti nilivaa, glovu nilizidharau, na ujinga huo ni wangu mwenyewe. Usiku nikikandwa maji ya moto nilikumbuka kisa alichopenda Kuya, cha Mbelgiji mmoja fundi wa mashine, Joseph Merlin. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760 aliingia kwenye karamu ya wakubwa mjini London akiserereka kwa viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe, huku anapiga fidla, na kwa kuwa hakujua kugeuka wala kusimama akenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa cha thamani, kioo kikavunjika na fidla ikavunjika. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Sikuwahi kufikiri kwamba Kuya alikuwa anafundisha.

Kwa hiyo nimerudi chekechea. Sifanyi mwendo, nafanya kusimama. Naburura mguu. Natanua miguu na kukandamiza visigino nje kama jembe. Nimejifunza pia kuutumia mwili wenyewe: ukinyanyuka wima ghafla na kufungua mikono, kifua kinakamata upepo na mwendo unapungua. Hilo lakini linategemea msimu. Njia yangu inaelekea kusini, upande wa Fumba. Wakati wa kusi nakwenda nikipambana na upepo, napiga hatua kumi napata tano, na kusimama si tatizo hata kidogo. Tatizo ni kurudi. Kusi inakuja mgongoni inakusukuma kama dau lililotweka, na kunyanyuka wima hapo ni kuongeza tanga. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka, unakwenda bure unarudi kwa deni. Ndiyo maana natoka mara baada ya sala ya alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla gari za abiria hazijaanza kugombania abiria.

Na mchanga! Dubai nako kuna mchanga, lakini wetu unakuja pamoja na chumvi. Kila Jumapili nakaa ukumbini na beseni la mafuta ya taa, nachomoa beringi 12, naosha, nakausha kwa kitambaa, natia kila moja tone moja tu la mafuta ya cherehani. Ukizidisha, mafuta yanavuta vumbi. Jambo la kufurahisha ni kwamba viatu vimebadilika vyote isipokuwa beringi: ni ile ile namba 608, tundu milimita 8, upana wa duara 22, unene 7, ambayo imo pia ndani ya mota za drili na mashine nyingi za mkono. Moja ilipokufa sikuhitaji mpwa wa Maskati, nilivuka barabara kwa fundi wa mota akanipa kutoka kwenye kopo la misumari. Wakati nimeshayafungua, nahamisha na matairi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, maana msukumo unakula ukingo wa ndani peke yake.

Mwendo wangu, kama mnataka kujua: zamani kilomita 20 kwa dakika 45. Sasa kilomita 10 kwa 31. Kwenye marathoni ya matairi kule Berlin washindi wa kiume wanamaliza kilomita 42 na ushei chini ya saa moja, kwa hiyo tusilizungumze sana.

Mwalimu wangu wa kusimama ni binti yangu, yuko darasa la tano. Alasiri akitoka chuoni tunakwenda kwenye ule uwanja wa saruji. Anachora mstari kwa chaki aliyoikuta sijui wapi, nadhani skuli, anaweka kandambili yangu juu yake, anasimama pembeni mikono kiunoni. Mimi naja kwa kasi na napaswa kufunga kabla ya kandambili. Nikipitiliza anapima kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole, anahesabu kwa sauti watoto wote wasikie. Siku ya kwanza nyayo 31. Wiki iliyofuata 20. Ramadhani ikapita katikati nikarudi 26. Wiki iliyopita nyayo 4, na kandambili sikuigusa.

Juzi nilisimama nyuma ya mstari kabisa, nyayo mbili zimebaki. Nikainua mikono. Alipima, akapima tena, akafuta mstari kwa mguu.

"Hiyo haihesabiki, baba," akasema. "Ulianza kupunguza kule kwenye mwembe. Rudi."