Horowitz, Rubinstein au Argerich? Sikiliza mkono wa kushoto

Umeuliza kati ya Horowitz, Rubinstein na Argerich nani fundi zaidi wa piano, na waliotangulia kukujibu wote wamekimbilia Argerich eti kwa sababu vidole vyake havishikiki. Ndugu, kasi wanayo wote watatu, tena ya kubakisha. Hapo hutawatofautisha.

Mimi hupiga piano kanisani, na wikendi jioni kwenye hoteli moja huku Nyali, Mombasa. Piano ya hoteli imekaa upande wa bahari, chumvi na unyevu vimeshaitafuna, funguo nyingine ukizibonyeza zinasita kurudi juu. Kwenye piano ya namna hiyo kutoa sauti kubwa ni rahisi mno. Kasheshe ni kupiga kwa sauti ya chini na kila nota isikike. Tangu hapo hata wakubwa hawa nawasikiliza hivyo.

Chukua kipande kimoja walichokirekodi wote. Mimi napenda polonezi ya mtunzi Chopin ya A-flati, opus 53 (yaani kazi yake namba 53), ya mwaka 1842. Katikati yake mkono wa kushoto unashuka nota nne, E, D-shapu, C-shapu, B, zote kwa okteva, yaani kidole gumba na cha mwisho vinagonga pamoja. Unazirudia weee, huku mkono wa kulia ukipiga wimbo wa gwaride juu yake. Na Chopin anataka ianze chinichini. Jaribu kugonga meza hivyo kwa muda mfupi tu, uone msuli wa mkono unavyokaza. Halafu vaa spika za masikioni, maana spika ya simu inameza besi yote na hutasikia ninachokwambia.

Horowitz anaanza kama ngoma iliyo mtaa wa pili. Anaipandisha kidogo kidogo, haharakishi, mpaka unaogopa spika itapasuka. Kwenye video zake utaona vidole vimelala karibu bapa, kile cha mwisho amekikunja, mabega hayatikisiki, uso mkavu kabisa. Hujui nguvu inatoka wapi. Ana tabia pia ya kuibua sauti za katikati ambazo wenzake huziacha zipite. Wapo wanaosema ni mbwembwe, na kuna siku nakubaliana nao.

Kwa Rubinstein okteva zilezile ni wasindikizaji. Mwenye shughuli ni wimbo wa juu. Polonezi ni dansi ya Poland, naye kazaliwa Łódź mwaka 1887, na mdundo wake hausahau kwamba kuna watu wanacheza. Akiwa ukumbini nota za kukosea zilimponyoka, na wala hakuzionea haya. Mstari wake unaimba, unapumua mahali ambapo mwimbaji angepumua.

Argerich hangoji. Anaingia kwenye okteva tayari damu imechemka, na unabaki unajiuliza atafikaje mwisho. Anafika. Ndivyo alivyoshinda mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1965, lakini kwangu raha yake kamili ni akiwa na okestra: tafuta konseto ya tatu ya Rachmaninoff aliyorekodiwa jukwaani Berlin mwaka 1982. Kwa kazi ile simbadilishi na mtu. Kwa Chopin, hasa noktani, vile vipande vyake vya utulivu wa usiku, nampa Rubinstein, na asiyependa na asipende.

Kuna aliyeuliza pia kama mtindo wa mpigaji hubadilika. Msikilize Glenn Gould kwenye Goldberg za Bach, yaani wimbo mmoja uliogeuzwa kwa namna nyingi. Rekodi ya 1955 ni kama dakika 38, ya 1981 inafika 51. Usidhani ni polepole tu, kwa sababu ile ya pili amerudia baadhi ya sehemu ambazo mwanzo alizipitia mara moja. Lakini ile ariya ya kufungulia, yaani wimbo wenyewe, haina ubishi: ya kwanza haifiki dakika mbili, ya pili inapita tatu. Na kote kuwili unamsikia anavyojiimbia chinichini, jambo linalomkera mke wangu kuliko maelezo.

Mpigaji mwingine, Michelangeli, ni kwa siku unayotaka usafi wa kila nota. Anza na konseto ya Ravel ya G. Na kama ni Schubert, waache wote hao, nenda kwa Richter, sonata ya B-flati. Sehemu ya kwanza peke yake inapita dakika 20, kwa hiyo usiianzishe ukiwa unasubiri matatu.