Homa na haja zisizokwisha baada ya upasuaji wa kidole tumbo

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 17, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka. Alirudi nyumbani Nachingwea siku ya 4, hali nzuri. Leo siku ya 8, homa inapanda jioni, na anakwenda chooni kila mara lakini anatoa kidogo tu, tena makamasi. Mshono umekauka. Duka la dawa wametupa vidonge vya kuzuia kuharisha. Ni chakula, au kuna kitu kiliachwa ndani?

JIBU: Marahaba. Vidonge hivyo acheni, na mpelekeni hospitali leo hii. Mpaka ithibitishwe vingine, hilo ni jipu la ndani ya nyonga.

Kidole tumbo kikipasuka, usaha hushuka hadi chini kabisa ya tumbo, kati ya kibofu na utumbo wa haja kubwa. Daktari hufyonza na kufuta, lakini mabaki kidogo tu yanatosha kufanya jipu, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10. Jipu likiegemea utumbo huo huuchokoza, ndiyo maana haja haziishi. Mshono mkavu usiwapumbaze.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Daktari huvaa glovu na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Upande wa mbele hugusa uvimbe unaouma. Kisha ultrasaundi, kibofu kikiwa kimejaa. Huku kusini malaria itapimwa pia, sawa, ila ikionekana isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani.

Jipu la chini ya sentimita 3 mara nyingi hunywea kwa antibiotiki za mshipa, kwa mfano seftriaksoni na metronidazo. Kubwa hutolewa usaha kwa mpira unaoongozwa na ultrasaundi, au kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa pale lilipobonyea. Kufungua tumbo upya huja mwisho.

Kuhusu kuachwa kitu: jipu hutokea hata kazi ikifanyika vizuri. Ila kijiwe cha kinyesi kinaweza kuchoropoka kidole kinapopasuka. Jipu likirudi baada ya kutolewa usaha, kitafutwe. Kisiki, yaani kipande cha kidole tumbo kinachobaki baada ya kukatwa, kikizidi milimita 5 nacho chaweza kuvimba tena, ingawa hilo kwa kawaida huchukua miezi au miaka. Uzi wa kisiki ukiachia, mara nyingi kinyesi hutokea kwenye mshono. Kwake sioni dalili hiyo.

Bebeni karatasi ya kuruhusiwa. Asile njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Ikibidi rufaa, hospitali za Ndanda au Nyangao wanapasua. Akianza kutapika au tumbo likikaza, msingoje kuche.